Jiko la nje mjini Goma na unyevu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaojenga jiko nyuma ya nyumba, kuanzia mitaa ya Himbi na Keshero karibu na Ziwa Kivu hadi Majengo na Ndosho juu ya mawe ya volkano. Wengi huanza kwa kununua mabati, wakiamini kwamba paa likishakaa, kazi ya kuzuia maji imekwisha. Mimi siamini hivyo. Maji yana njia nne za kuingia jikoni: yanatoka juu, yanasukumwa na upepo kutoka pembeni, yanapanda kutoka ardhini, na mengine tunayamwaga wenyewe kila tunapoosha masahani na kuchemsha maharage. Paa linaziba njia moja tu.

Goma tumejenga juu ya mawe, maji yanazama mara moja. Huo unyevu utatoka wapi?

Ni kweli lava yenye nyufa humeza maji haraka kuliko udongo mwekundu wa Bukavu. Lakini chunguza parsele yako, yaani kiwanja chako, baada ya mvua kubwa. Mahali ambapo jiwe liko wazi na limepasuka, maji yamekwenda. Mahali palipojazwa udongo wa kuletwa, vumbi, majivu na takataka za miaka mingi ili kusawazisha kiwanja, pamelowa hadi kesho yake. Na kuna sehemu ambapo lava ni bamba zima lisilo na ufa. Pale maji yanasimama juu kama kwenye sinia, na ukijenga hapo bila kuyafungulia njia, ukuta wako unakaa majini.

Jambo la pili ni mota, yaani mchanganyiko wa simenti na mchanga. Jiwe lenyewe lina matundu makubwa, halinyonyi sana. Mota iliyo kati ya mawe ndiyo yenye vinjia vyembamba, na vinjia hivyo huvuta maji kwenda juu polepole. Ndiyo maana utakuta ukuta wa mawe meusi ambao mawe yake ni makavu lakini mistari ya mota imelowa na kuota ukungu wa kijani.

Halafu kuna jirani. Kama parsele yake iko juu kuliko yako, mvua yake ni yako pia.

Nitajuaje kama unyevu unatoka chini, juu au pembeni?

Soma ukuta kabla ya kumwita fundi. Alama zinazoanzia juu na kushuka ni paa au kichwa cha ukuta. Madoa ya matope kuanzia chini hadi kama sentimita 30 ni matone ya mvua yanayopiga ardhi na kuruka. Mstari wa mlalo unaofuata ukuta wote, wenye chumvi nyeupe juu yake, ni maji yanayopanda kutoka msingini.

Kwa sakafu, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, ukiache tangu jioni hadi jioni inayofuata. Ukikifunua ukakuta matone chini yake au betoni (zege) imekuwa nyeusi, maji yanatoka ardhini. Kama chini ni kukavu na juu ya nailoni ndiko kulikolowa, ni mvuke wa hewani. Jaribio hili halina gharama, na linakuokoa usinunue rangi ya kuzuia maji ambayo haitakusaidia chochote.

Mahali gani pa kuliweka jiko?

Simama uani wakati mvua inanyesha. Hakuna kipimo kinachozidi hicho. Tazama upepo unaleta mvua kutoka upande gani, maji yanapita wapi, yanakusanyika wapi. Weka jiko sehemu iliyoinuka, na mgongo wake uelekee upande wa mvua. Usilibandike kwenye ukuta wa nyumba kubwa kama unaweza kuacha nafasi ya mtu kupita: nafasi hiyo inakausha kuta zote mbili na inaepusha moshi kuingia vyumbani. Mti wa avoka unatoa kivuli kizuri, ila majani yake yanajaa kwenye mfereji wa paa na matone yake yanaendelea saa nzima baada ya mvua kukatika.

Kwa wanaoishi upande wa magharibi wa mji, kuelekea Keshero na Bulengo, kuna tahadhari kubwa kuliko unyevu. Katika mabonde na mashimo ya huko hujikusanya mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na imeua watu na mifugo. Usichimbe jiko la kushuka ngazi wala shimo la kuhifadhia makala (makaa ya kupikia) katika maeneo hayo. Waulize wazee wa mtaa. Wanayajua mashimo ambamo mbuzi huangukia na kufa.

Msingi na sakafu nivijenge vipi?

Hapa ndipo pesa yako inapofaa kukaa. Paa linabadilishwa kwa siku moja, lakini sakafu iliyojengwa vibaya utaishi nayo.

Ondoa udongo laini na takataka hadi ufikie jiwe au ardhi ngumu. Jaza tabaka la mawe au chenga kubwa za volkano, kama sentimita 15, zisizo na vumbi. Hilo la vumbi lina uzito wake: chenga kubwa huacha nafasi ambazo maji hayawezi kuzirukia kwenda juu, lakini ukichanganya na vumbi nafasi zinazibwa na maji yanapata ngazi ya kupandia. Shindilia, kisha mwaga mchanga kidogo juu ili ncha za mawe zisitoboe nailoni.

Nailoni iwe nene, ya mikroni 200. Ile nyembamba ya kufunikia bidhaa sokoni itachanika fundi wa kwanza akiikanyaga. Vipande viwili vikikutana vilaliane sentimita 20 au zaidi, na kingo zipandishwe pembeni hadi usawa wa juu wa sakafu. Juu yake mwaga betoni ya sentimita 8 hadi 10: simenti sehemu moja, mchanga mbili, kokoto tatu.

Sakafu iwe juu kuliko ua kwa sentimita 15 angalau, na kama ua wako unajaa maji, 30. Iinamie upande wa nje kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Fundi akikwambia mteremko huo utaonekana vibaya, mwage ndoo ya maji kwenye sakafu yake aliyoinyoosha sawasawa, muangalie pamoja maji yanavyosimama katikati.

Pale ukuta unapoanzia, juu ya msingi na juu ya usawa wa sakafu, laza karatasi ya lami au nailoni ile ile nene kwa upana wote wa ukuta kabla ya kupanga tofali la kwanza. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Kuirudia baadaye kunataka kukata ukuta kipande kwa kipande.

Mchanga mweusi na mawe ya volkano vinafaa?

Vinafaa, na ndivyo tulivyo navyo. Goma nzima imesimama juu yake. Shida ni vumbi: mchanga mweusi uliochotwa pamoja na vumbi unafanya mota dhaifu, yenye kunyonya maji. Tia konzi moja ya mchanga kwenye chupa ya maji safi, tikisa, acha itulie. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, huo uoshwe au urudishwe.

Mawe ya ukutani yaoshwe pia na yalowanishwe kidogo kabla ya kujengewa, la sivyo vumbi lililo kwenye matundu linazuia mota kushika. Usiache matundu makubwa upande wa mvua. Yajaze mota, maana kila tundu lililo wazi ni kikombe.

Fundi anataka kuongeza maji ili betoni iwe laini. Nimkubalie?

Hapana. Kwa mfuko wa simenti wa kilo 50, maji yasizidi lita 25, na kama mchanga umelowa na mvua, pungufu ya hapo. Maji ya ziada hayabaki ndani ya betoni. Yanakauka na kuacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo unyevu utakavyopita kwa miaka yote. Betoni ikiwa nzito, ishindiliwe kwa mbao hadi ikae.

Baada ya kumwaga, funika kwa magunia yaliyolowa na uyalowanishe kwa siku 7. Watu wengi huliacha hili kwa sababu maji ya kuteka yana shida. Nawaelewa, lakini bidoni (madumu) chache za maji ya ziwa kila asubuhi ni rahisi kuliko sakafu inayobomoka.

Simenti niihifadhi vipi wakati wa ujenzi?

Juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya turubai. Ile inayofika kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, wakati wa manyunyu ikaguliwe mfuko kwa mfuko. Bonge linalovunjika kwa vidole bado ni simenti. Lisilovunjika ni jiwe, usilipokee. Hata ikiwa kavu, usiiweke zaidi ya miezi mitatu katika hali ya hewa yetu.

Paa liwe la namna gani?

Mabati yanatosha. Kinachoharibu ni namna yanavyowekwa. Mteremko uwe sentimita 20 kwa kila mita au zaidi. Paa lililolala linaruhusu upepo wa ziwani kusukuma maji yarudi nyuma chini ya maungio. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 20, na pembeni lipande bonde moja na nusu. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, wala si bondeni ambako maji yanapita, na kila mmoja uwe na mpira wake. Msumari ukikazwa mno unaukata mpira. Ukilegea unaacha tundu.

Upenu ni pale ambapo watu wa Goma wanabana bati kupita kiasi. Acha sentimita 60 pande zote, na upande wa mvua fika 80 au mita nzima. Jiko la nje halina madirisha ya kufunga. Upenu ndio dirisha lake.

Kwa nini mabati yanashika kutu haraka hapa?

Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi zenye salfa na asidi nyingine. Moshi wao ukielekea mjini, mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi, na asidi inakula zinki iliyofunika chuma. Kutu huanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya misumari, kwa sababu hapo chuma kiko wazi. Kwa hiyo paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila ukingo uliokatwa siku hiyo hiyo ya kuezeka. Chagua bati nene kadiri mfuko unavyoruhusu. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko kuezeka mara mbili. Osha paa kwa maji safi kiangazi kinapoanza, uondoe majivu yaliyoganda. Majivu ya volkano yakikaa juu ya bati na kulowa kila usiku yanalila taratibu.

Moto wako nao unashiriki. Moshi wa kuni na mvuke vinakula bati kutoka ndani, hasa pale juu ya mbabula, yaani jiko la makala. Bati la hapo ndilo litakalotoboka la kwanza, na linaweza kubadilishwa peke yake.

Mvua haikunyesha, lakini asubuhi matone yanadondoka kutoka kwenye bati. Paa limetoboka?

Pengine halijatoboka. Goma iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 na usiku una baridi. Mvuke wa sufuria za jioni unapanda, unakutana na bati lililopoa, unageuka maji. Mafundi husema bati linatoa jasho. Kama jiko lina kuta tatu au nne zilizofika hadi juu, mvuke hauna pa kutokea. Acha uwazi kati ya kichwa cha ukuta na bati, kama sentimita 20 au 30, pande mbili zinazoelekeana, hewa ipite. Wavu wa waya unatosha kuzuia paka na panya.

Je, nizungushe kuta zote nne?

Kwa usalama wa vyombo, watu wengi wanataka hivyo, na siwezi kuwalaumu. Ila jiko lililofungwa kote ni jiko lenye unyevu na moshi, na mbabula ya makala katika chumba kisicho na hewa inaua. Ukuta mmoja mzima upande wa mvua, na miwili ya kufika kiunoni pembeni, unatosha kupikia vizuri. Vyombo vya thamani virudi ndani ya nyumba usiku, au jenga kabati moja la chuma lenye kufuli.

Maji ya paa yaende wapi?

Fanya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 3 kwa 4 likipata mvua ya milimita 30, ambayo Goma si ajabu mchana mmoja wa Aprili, linamwaga lita 360. Hizo ni bidoni 18 za lita 20, zote zikishukia kwenye mstari mmoja karibu na msingi wako. Bila mfereji, zinachimba shimo, zinarusha matope ukutani, na zinalowanisha ardhi ile ile uliyotaka ibaki kavu.

Weka mfereji wa paa unaoinama nusu sentimita kwa kila mita, na bomba la kushusha hadi kwenye tanki au pipa. Maji hayo ni mazuri kwa kufua, kuosha sakafu na kulowanisha betoni. Kwa kunywa, kumbuka moshi wa volkano: mvua yetu hubeba asidi na floridi, na kuchemsha hakuondoi floridi. Mvua ya kwanza baada ya siku kavu imwagwe, inabeba vumbi lote la paa.

Tanki likijaa, maji yanayofurika yawe na bomba lao. Nimeona Katindo jiko lenye mfereji safi na tanki zuri, na kona yake moja imedidimia, kwa sababu tanki lilikuwa linafurikia msingini kila mvua. Pale chini ya tanki paliota majani mabichi hata mwezi wa Julai, na hiyo ilitosha kueleza kila kitu.

Nguzo za mbao zinaoza chini. Nifanye nini?

Usizizike, wala usizimwagie betoni kuzunguka mguu. Watu wanadhani betoni inalinda mbao. Kumbe inashika maji kati yake na mti na kuyanyima njia ya kutoka. Nguzo ya mkaratusi ikisimama hivyo inaonekana nzima kwa nje, rangi inang'aa, lakini ukibonyeza bisibisi pale mbao inapokutana na sakafu, inazama hadi kwenye mpini, na inatoka na unga wa kahawia uliolowa.

Simamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye betoni, mguu wake ukining'inia sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu. Kama chuma ni ghali, tumia jiwe la lava lililochongwa likakaa sawa, na kipande cha karatasi ya lami kati ya jiwe na mti, kisha nondo moja katikati ya kushikilia. Kichwa na mguu wa nguzo ndivyo vinavyonyonya kuliko ubavu, kwa hiyo vipakwe rangi au lami mara mbili kabla ya kusimamisha. Mbao zikauke kwanza: mbao iliyotoka kupasuliwa ikipakwa rangi inafungiwa maji yake ndani.

Watu hupaka mafuta machafu ya gari. Yanasaidia?

Yanafukuza mchwa kwa muda na maji yanateleza. Lakini jikoni siyapendi hata kidogo. Yanashika moto, yana metali zenye sumu, yanachafua mikono ya watoto wanaoegemea nguzo, na mvua inayaosha hadi kwenye nyufa za lava yanakoshuka kuelekea ziwa ambalo wengi wetu tunateka maji. Tumia rangi ya mafuta, au mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Na mbao yoyote ikae nusu mita au zaidi kutoka kwenye moto.

Ukuta unatoa unga mweupe na rangi inababuka. Nipake rangi gani?

Usipake chochote kwanza. Unga huo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini au kwenye simenti. Maji yamekauka usoni mwa ukuta na kuiacha. Ukiziba kwa rangi ya plastiki, maji yatatafuta njia nyuma yake na kuinua rangi yote kama malengelenge. Ondoa chanzo: mfereji, udongo uliorundikwa ukutani, tanki linalofurika. Piga unga kwa brashi kavu, usioshe, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani. Acha ukuta ukauke kiangazi cha Juni hadi Agosti, kisha paka chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua na haina gharama kubwa.

Kama lipu imelegea, ibanduliwe hadi kupita mstari wa unyevu kwa nusu mita, na lipu mpya isiguse ardhi. Acha sentimita chache chini bila lipu.

Meza ya kupikia na makabati?

Meza ya betoni yenye vigae ni imara, mradi ukingo wake utokeze sentimita 3 mbele ya ukuta na uwe na mfereji mwembamba upande wa chini, ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Maungio ya vigae ndiyo mlango wa maji. Yajazwe vizuri na yakaguliwe kila mwaka.

Makabati ya mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi, yale yanayouzwa kama samani za ndani, hayafai nje kabisa. Yanavimba msimu wa kwanza. Rafu za mbao ngumu au chuma kilichopakwa rangi, zisizo na milango, zinakauka zenyewe. Unga wa muhogo na wa mahindi usilale jikoni la nje. Mahindi yakishika unyevu yanaota kuvu yenye sumu ambayo kupika hakuimalizi.

Sehemu ya kuoshea vyombo?

Hapa ndipo maji tunayoyamwaga wenyewe yanakuwa mengi kuliko mvua. Beseni liwe na bomba la milimita 50 linaloinama sentimita 2 au 3 kwa mita, likipita kwanza kwenye kisanduku cha kunasa mafuta na masalia ya sombe (mboga ya majani ya muhogo), halafu kwenye shimo la mawe lililo mita 3 au zaidi kutoka ukuta wowote. Bila kisanduku, mafuta yanaganda na kuziba mawe, na siku moja maji yanarudi juu.

Makala na kuni nizitunze vipi?

Juu ya vichanja, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa mvua. Makala yaliyolowa yanarusha cheche, yanatoa moshi, na sehemu ya moto wake inapotea kwa kukausha maji badala ya kuivisha bugali. Ukinunua gunia, liinue: uzito usio wa kawaida mara nyingi ni maji. Mwaga kidogo juani kabla ya kulipa, kama muuzaji anakubali.

Nikitumia gesi, unyevu unahusika?

Unahusika kwenye chupa. Kitako chake kinaoza kikikaa kwenye sakafu yenye maji, basi kiweke juu ya mbao mbili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inashuka, kwa hiyo kabati la chupa liwe na matundu chini, si juu peke yake. Matundu hayo hayo yanatoa unyevu.

Naweza kujenga mahali pa moto kwa mawe ya lava?

Kuta za nje, ndiyo. Lakini yale yanayoguswa na moto, hapana. Jiwe lenye matundu huficha maji ndani, na likipashwa ghafla maji yanageuka mvuke na kulipasua. Vipande vinaruka usoni mwa mpishi. Ndani weka matofali ya udongo yaliyochomwa. Oveni mpya ikaushwe kwa moto mdogo wa saa moja kila siku kwa wiki nzima, mlango ukiwa wazi, ndipo upike mkate.

Baada ya mitetemeko sakafu imepasuka. Nibomoe?

Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 iliacha nyufa katika nyumba nyingi mjini. Ufa mwembamba kama unywele, usiokua, unajazwa. Chora mstari wa penseli ukivuka ufa na uandike tarehe. Baada ya miezi miwili utaona kama mistari imeachana. Ikiwa imetulia, panua ufa kidogo, ondoa vumbi, jaza kwa gundi ya ujenzi inayonyumbuka. Simenti tupu itapasuka tena pale pale. Ufa unaoingia kidole, au ambao upande mmoja umeshuka, ni habari ya msingi, na hapo mtafute fundi anayejua mawe.

Pesa ni kidogo. Nianze na nini?

Inua sakafu, weka nailoni, fungua njia ya maji kuzunguka. Halafu upenu mpana. Halafu mfereji wa paa. Kuta, vigae na rangi vinaweza kungoja mwaka ujao. Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga anaweza kupanga mawe makavu, kuweka juu yake jukwaa la mbao lenye nafasi kati ya ubao na ubao, na turubai lililoinama vizuri. Mbabula ikae juu ya bamba la mawe au matofali, si juu ya mbao.

Nianze mwezi gani?

Msingi na sakafu Juni, kuta Julai, paa kabla ya Agosti kwisha. Mvua za Septemba zikikukuta bila mfereji, chimba mtaro wa muda upande wa juu wa jiko, wa upana wa jembe, uelekeze maji kwenye jiwe lenye ufa.